Na aliyetoa figo, yeye akae wapi?

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi sisi tuliopandikizwa figo tunakutana kwenye darasa moja la shule ya msingi huku Temeke, mwalimu mkuu anatuazima kwa sababu mkewe naye ni mwenzetu. Watu wanafika mapema sana, saa moja na nusu wengine wameshakaa, maana ikigonga saa mbili kamili asubuhi simu zote zinaita kwa pamoja, kuna aliyeweka jogoo, kuna aliyeweka kwaya, kuna mzee mmoja simu yake ya batani inalia kama king'ora cha zimamoto na haijui kunyamaza. Hapo kikao kinasimama. Chupa za maji zinatoka, vidonge vinatoka, mtu anahesabu kiganjani, anameza, anashusha na maji, basi kimya kidogo halafu mtu anacheka. Mgeni akiingia dakika ile atadhani kuna ibada fulani tunaifanya.

Sasa mwezi juzi, katikati ya hizo kelele nikageuka nikamwona mdogo wangu kasimama mlangoni, kaegemea fremu, anatuangalia tu. Mdogo wangu huyo wa kike ndiye aliyenipa figo. Viti vilikuwa vimejaa na hakuna aliyeinuka kumpisha. Hata mimi. Nilikuwa na vidonge mkononi, nikamwonyesha ishara subiri kidogo, nikameza, kikao kikaendelea na yeye akabaki palepale mpaka chai ilipokuja.

Tangu siku ile jambo hili linanikera na leo naliandika, wenzangu wa kikundi mkinuna nuneni.

Kwanza nisionekane mtu asiye na shukrani. Kikundi hiki kimenisaidia kuliko nilivyotegemea, mimi niliingia nikiwa mwoga wa kila kitu, nikipiga chafya nadhani figo inakufa. Wao ndo walionifundisha kwamba siku ya kupima levo ya dawa humezi kwanza, unatolewa damu halafu ndo unameza, maana niliwahi kumeza nyumbani nikapoteza nauli na siku nzima. Wao ndo walionikataza balungi, nilikuwa nakunywa juisi yake kila asubuhi najiona nafuata ushauri wa afya kumbe inapandisha dawa kwenye damu. Na dawa za majani, yaani kuna mama pale akisikia mtu ameonjeshwa mitishamba na shangazi yake anakuja juu mpaka unamhurumia shangazi. Mambo haya daktari anakwambia mara moja kwa haraka huku foleni iko nje, kikundini unaambiwa na mtu ambaye yalimkuta.

Na tumetoka mbali. Zamani hapa kwetu ukishindwa figo ilikuwa ni India au mashine ya kusafisha damu, na wa kwenda India walikuwa wa kuhesabika, familia inauza nyumba au unasubiri serikali ikupeleke. Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017 wakiwa na madaktari kutoka India, mwaka uliofuata Benjamin Mkapa kule Dodoma nao wakaanza, wao wakisaidiana na Wajapani. Mimi nilipata yangu 2019. Kidonge ninachomeza ili mwili usiikatae figo, takrolimasi, chenyewe kina asili ya Japani, kilitokana na bakteria waliokutwa kwenye udongo wa mlima Tsukuba mwaka 1984, huwa napenda kuwaambia watu hivyo, kwamba mimi naishi kwa udongo wa Japani na figo ya mdogo wangu.

Sasa huyo mdogo wangu kwenye kikundi ni nani? Nilimwomba katibu daftari nikaangalia. Kuna jina, namba ya simu, tarehe ya kupandikizwa, hospitali, dawa unazotumia, mtu wa karibu. Aliyetoa hayupo. Hana hata kijisafu. Na hapa kwetu figo haitoki kwa marehemu, kila mmoja wetu aliyekaa kwenye kile kiti kuna mtu aliye hai, mara nyingi ndugu wa damu, alilala kwenye kitanda cha pili akapasuliwa hana ugonjwa wowote. Tena tuseme ukweli, kikundini kwetu wengi waliopokea ni wanaume na wengi waliotoa ni dada zao na mama zao. Na sio Temeke tu, hata duniani wanaotoa wakiwa hai wengi ni wanawake.

Watu wanasahau siku ile ilikuwaje. Mimi nilizinduka nikiwa nafuu kuliko nilivyolala, sitanii, siku ya pili kichwa chepesi, mkojo unatoka, nataka kula wali. Yeye aliingia mle ndani mzima akatoka mgonjwa. Alikuwa ndo anashindwa kujigeuza, akicheka anashika ubavu, anatuomba tusimchekeshe. Wageni wakija wanamwaga sala zote kitandani kwangu, wakimfikia yeye ni hongera, Mungu atakulipa, basi. Alikuwa na biashara yake ya chakula, mama lishe wa nguvu, masufuria ya kulisha mafundi thelathini, akaambiwa asinyanyue kitu kizito wiki kadhaa, alivyorudi mafundi walishahamia kwa mwingine. Nani alimlipa? Hakuna. Ukoo mzima tulichanga hela za hospitali na hakuna aliyefikiria hela ya masufuria.

Halafu yakaja ya mchumba. Mtaani ilishatangazwa kwamba hana figo, ukitoa figo huzai, huna nguvu, wengine wakasema ameuza, upande wa mwanaume wakaanza kuuliza maswali ya chinichini mpaka jamaa akapotea. Wakati ukweli ni kwamba aliyetoa figo anazaa vizuri tu, ila anatakiwa awaambie kliniki mapema kwamba ana figo moja, wamwangalie presha kwa makini zaidi, kwa sababu kupanda kwa presha na kifafa cha mimba kwake kuna uwezekano mkubwa kidogo kuliko kwa mwingine. Hiyo habari mimi niliisikia kikundini kutoka kwa nesi tuliyemwalika, yeye mwenyewe aliyeihitaji alikuwa nyumbani kwa sababu hakualikwa.

Kuna kaka mmoja mwenzetu, simtaji. Figo alipewa na kaka yake mkubwa, mkulima wa mpunga huko Morogoro. Ilikaa miaka minne inafanya kazi safi. Halafu dawa zikakatika pale anapochukulia, na yeye badala ya kusema akaona aibu, akaanza kuzivuta, badala ya viwili anameza kimoja ili zifike mwisho wa mwezi. Kreatinini, ule uchafu wa kwenye damu unaopimwa kujua figo inachujaje, ikapanda, akaja kustuka ameshachelewa, amerudi kwenye mashine mara tatu kwa wiki, saa nne nne. Tulikwenda kumwona kikundi kizima na juisi na matunda na bahasha, tukakaa sebuleni tukampa pole mpaka pole zikaisha.

Nilipotoka nje kupokea simu nikamkuta kaka yake kakaa kwenye mkeka uani peke yake, amekuja na basi la asubuhi. Mama mmoja wetu alikuwa amemfikia kabla yangu akamuuliza, "Wewe ndo ndugu yake?" Akajibu, "Mimi ndo mwenye figo." Yule mama hakujua aseme nini akaingia ndani. Mimi nikakaa. Tukanyamaza kidogo, halafu akaniuliza hivi ikishakufa wanaitoa au inabaki humo humo. Nikamwambia mara nyingi inabaki, wanaitoa kama inaleta shida. Akatikisa kichwa, akaniuliza basi la mwisho la Morogoro linaondoka saa ngapi.

Hakuna aliyempa pole yule mzee. Watu kumi na nne tulikuwepo pale, wote tunajua figo ni nini kuliko mtu yeyote mtaa ule, na aliyefiwa figo yake tumempita uani kwenda kumpa pole mwingine.

Ndo maana kikao kilichofuata nilisimama nikasema mfuko wetu utoe hela ya vipimo kwa waliotoa, mara moja kwa mwaka tu, presha, mkojo kuangalia protini, na kreatinini. Sio vipimo vya kutisha na sio ghali ukilinganisha na tunavyotumia sisi. Mweka hazina akanijibu vizuri tu, namheshimu, ni mtu mwaminifu shilingi haipotei kwake: "Kaka, mfuko ni wa wagonjwa, wale ni wazima." Elfu kumi kumi zetu zinakwenda kwenye nauli za wanaotoka mbali, vipimo ambavyo bima imegoma, na misiba. Tukianza kulipia wazima tutaishia wapi?

Nimelifikiria hilo la uzima kwa muda. Ni kweli wengi wao wako sawa, figo inayobaki inatanuka kidogo na inabeba kazi, na hilo tulijue tulitangaze mtaani. Yule wa kwanza aliyetoa akiwa hai na figo ikakubali, Ronald Herrick wa Marekani, aliyempa pacha wake Richard figo kule Boston tarehe 23 Desemba 1954, aliyepokea aliishi miaka minane akafariki, aliyetoa aliishi na figo moja mpaka 2010. Daktari Joseph Murray alipata tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hizo. Kwa hiyo ndio, ni wazima. Lakini mtu mwenye figo moja presha ikimpanda akakaa nayo miaka mitano bila kujua, hana figo ya akiba. Sisi tunaonana na daktari kila mara, tunapimwa mpaka tunachoka. Mdogo wangu nilipomuuliza mara ya mwisho kupimwa ni lini akaniambia siku ya kutoa nyuzi. Jamani! Hospitali zina utaratibu wa kuwafuatilia, sikatai, wanaambiwa warudi, lakini nani atakwenda kupanga foleni siku nzima akiwa haumwi popote na vitumbua vinamsubiri? Ndugu wa kumsukuma ni sisi, na sisi tuko bize na alarm zetu.

Wapo wachangiaji wa figo wasiotaka hata kusikia habari hizi. Mmoja aliniambia kaka nimeshatoa, niacheni niishi, mkinialika kwenye kikundi mnanigeuza mgonjwa. Sawa kabisa, huyo tumwache. Kualikwa sio kulazimishwa.

Kitu kingine hakiwezi kulipwa na mfuko ila kinaweza kuongelewa, na hatukiongelei kabisa, ni deni. Mimi na mdogo wangu tulikuwa watu wa kugombana, toka utotoni, kila kitu. Tangu 2019 hatujagombana hata mara moja na mtu yeyote mwenye ndugu anajua hiyo sio kawaida. Kuna kiwanja alichoacha baba Kigamboni, mimi nataka tuuze yeye hataki, nina hoja zangu nzuri tu, lakini kila nikifungua mdomo mkono unakwenda wenyewe hapa chini upande wa kulia wa tumbo ilipokaa figo yake, nasema sawa dada'angu, kama unavyoona. Akiniomba laki moja natoa laki mbili. Akichelewa kupokea simu nahisi kanikasirikia. Nilidhani ni mimi peke yangu, nikamuuliza jirani yangu wa kiti kikundini, mtu mzima mwenye wajukuu, akaniambia yeye alipewa na mama yake na mpaka mama anafariki hakuwahi kumwambia chumvi imezidi.

Siku nilipomweleza mdogo wangu habari ya deni alinisonya. Akasema, "Gombana na mimi bwana, sikukupa ili unyamaze."

Basi, Jumamosi iliyopita alikuja tena, safari hii nilimwekea kiti kabla sijakaa mwenyewe. Katibu amekubali kuongeza safu ya mchangiaji kwenye daftari, akachukua rula akapiga mstari pembeni kabisa, nafasi ilikuwa finyu ikabidi neno aliandike kwa kusimama. Suala la hela limeahirishwa mpaka mwezi ujao, mweka hazina bado hajalainika na kuna wawili wako upande wake. Nesi wetu alikuwa na kipimo cha presha kwenye mkoba, akampima palepale, ikasoma juu kidogo ya ile aliyoizoea kuiona, mdogo wangu akacheka akasema mnanitafutia ugonjwa. Alhamisi nampeleka kliniki kwa hela yangu, amekubali kwa sharti moja, tukitoka huko nimnunulie chipsi kuku na tukiongee kile kiwanja mpaka mmoja wetu akasirike.