Jaisalmer: mitaro kwanza, kabla ya kuwahamisha watu

Anayesafiri katika jangwa la Thar, jimbo la Rajasthan nchini India, hupita ngome nyingi za wafalme. Mehrangarh ya Jodhpur, iliyoanzishwa 1459, sasa ni makumbusho. Jaisalmer, iliyoanzishwa na Rawal Jaisal mwaka 1156, bado ina watu ndani: maelfu ya wakazi, wenye majiko yao, mahekalu, maduka na nguo zilizoanikwa juu ya mapaa. Na inabomoka. Ndiyo maana kila baada ya muda linarudi pendekezo lilelile: wakazi wahamishwe ili ngome ipone.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kilima cha Trikuta, ambacho ngome imejengwa juu yake, hakina mwamba mgumu. Ni matabaka ya mawe ya mchanga na udongo, na udongo ukilowa huteleza. Ngome yenye buruji 99 (minara ya ukutani) ilianza kupoteza baadhi yake katika miaka ya 1990, na watu wamekufa kwa kuangukiwa na ukuta. UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2013, pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan. Anayetaka watu waondoke anaona nyumba za wageni zenye bafu kila chumba zikimwaga maji humo, na hakosei.

Lakini tuyafuate hayo maji, maana kesi yote imo humo. Jaisalmer hupata mvua haba sana, mara nyingi chini ya milimita 250 kwa mwaka. Kwa karne nyingi maji ya kutumia yalitoka bwawa la Gadisar, nje ya kuta, yakipandishwa kilimani kwa mitungi. Maji ya kubebwa kichwani hayamwagwi ovyo. Mvua ilipobahatika kunyesha, mitaro ya zamani iitwayo ghut nali iliyatoa maji nje ya ngome kwa pande nne. Kisha yakaja mabomba, na baada yake watalii na vyoo vya kuvuta. Maji yaliyoingia yaliongezeka mara nyingi, lakini njia ya kutokea haikuongezwa ipasavyo. Mitaro ya kale iliziba au ikafunikwa na sakafu mpya za vichochoro, na mabomba ya majitaka yaliyowekwa baadaye yakavuja.

Tazama nyumba moja ya kale ilivyo. Paa ni boriti za mbao, juu yake matete, kisha tabaka nene la udongo uliokandwa. Paa hilo huvumilia jua miaka na miaka, lakini tangi likivuja juu yake, udongo hunywa maji, boriti huoza na ukuta hutoa tumbo. Chini, karibu na mlango, lile jiwe la rangi ya dhahabu linalopigwa picha na kila mgeni huwa jeusi kwa unyevu na kumomonyoka ukiligusa. Mwenye nyumba anaona hayo yote, lakini ngome iko chini ya sheria ya mambo ya kale ya 1958, hivyo kabla ya kukarabati ni lazima aombe kibali na asubiri. Huyu ndiye tunayemwita mharibifu?

Wanaotaka ngome tupu waende kijiji cha Kuldhara, si mbali na Jaisalmer. Wapaliwali, jamii ya Wabrahmin, walikihama katika karne ya 19. Leo ni kuta zisizo na mapaa. Nyumba ya jangwani huhitaji mtu wa kufagia mchanga, kuzibua mfereji kabla ya mvua za Julai, na kukandika udongo kila unapopasuka. Mlinzi wa mshahara hawezi kuifanya kazi hiyo kwa mamia ya nyumba.

Nakubali jambo moja kwa upande wa pili: vyumba vya kulala wageni vitoke ndani ya kuta, na wenye navyo walipwe fidia ya haki au wasaidiwe kugeuza majengo yao kuwa migahawa na karakana. Mji wa chini una hoteli za kutosha, na kupanda hadi ngomeni ni mwendo mfupi kwa miguu. Lakini familia ambazo wazee wao waliwatumikia Marawal, watawala wa Jaisalmer, zibaki, zipewe vibali vya ukarabati kwa haraka, na fedha za serikali zianze kufukua ghut nali kabla ya kumgusa mkazi yeyote.