Acheni kuzikata lenzi nzima

Kinachonikera ni watu wanaochukua lenzi nzima ya Canon FD (mfumo wa zamani wa lenzi za kamera za filamu) ya miaka ya 1970, wanaisaga kitako kwa tupa, kisha wanaiuza eti "imerekebishwa". Juzi nimenunua moja, ya milimita 50. Kuifungua, vumbi la alumini limegandia kwenye grisi ya uzi wa kufokasi, na kile kimkono cha nyuma kinachoendesha tundu la mwanga kimekatwa. Nazungusha pete, tundu halisogei. Liko wazi moja kwa moja.

Na shida yote hiyo ya nini? Lenzi ya FD ilipimwa ikae milimita 42 kutoka kwenye filamu. Kamera za Canon za mfumo wa EF, uliotoka 1987, zinataka 44. Milimita mbili tu, lakini ndizo zinazokunyima vitu vya mbali: uso wa aliye karibu unatoka safi, mlima nyuma yake hauwezi kutulia hata ufanyeje. Ndiyo maana wanasaga kitako, ili lenzi isogee karibu na filamu.

Lakini siku hizi kamera zisizo na kioo cha ndani zipo! Kwenye kamera za Sony za mfumo wa E, umbali huo ni milimita 18. Inabaki nafasi ya milimita 24, adapta ya chuma tupu inatosha, na lenzi haiguswi hata skrubu moja. Kama lazima ukate, kata ile iliyokwisha liwa na kuvu. Na ukiuza, mwambie mnunuzi ulichokikata kabla hajalipa.