Mwanafunzi anamweleza nani?

Juzi nilikaa kwenye maktaba ya umma hapa Uingereza nikimtazama mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili, akimweleza bibi mmoja mstaafu, kama zoezi la kupewa alama, kwa nini antibiotiki, dawa za kuua bakteria, huacha kufanya kazi. Alipomaliza, msimamizi akamwomba bibi asimulie alichoelewa. Bibi akasema, "Mwili wangu ukishazoea dawa, hauponi tena."

Kijana akaanza upya. Anayezoea si mwili, ni bakteria. Kati ya mamilioni wamo wachache ambao mabadiliko ya vinasaba yamewakinga. Dawa inaua wenzao, wao wanabaki, wanazaana, na hao ndio utakaowaambukiza wengine. Safari hii bibi alisimulia sawasawa. Na alama zilitoka hapo, kwenye maneno ya msikilizaji.

Nilifurahi, halafu nikaumia. Sisi nyumbani tulimweleza nani? Mhadhiri, mtu aliyejua jibu kabla hatujashika kalamu. Tulikariri, tukamrudishia yaleyale, tukafaulu. Tasnifu ikafungwa jalada gumu, ikawekwa kwenye rafu ya idara. Mkulima tuliyechota udongo shambani kwake hakuambiwa hata kama una chumvi.

Najua mtakavyonijibu. Amepanda ndege, sasa anatuona washamba. Hapana, jamani. Hata Waingereza hawakuzaliwa na utaratibu huu. Mwaka 1985 ripoti ya Royal Society, chama chao kikuu cha wanasayansi, ilibidi iwaambie wanasayansi wao waziwazi kwamba kuzungumza na umma ni wajibu wao. Na bado mwaka 1998 jarida la kitabibu la Lancet lilipochapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, wazazi wengi waliingiwa na hofu wakaacha kuchanja. Makala ilibainika kuwa na makosa, ikafutwa mwaka 2010. Hofu haijafutika mpaka leo. Kwa hiyo sisemi huku ni peponi. Nasema wameumia, wakaanza kufundisha.

Mwingine atasema maabara hazina kemikali, madarasa yamefurika, na mimi naleta habari za kuongea na wananchi. Ndugu yangu, hili halihitaji kemikali. Linahitaji mtu mmoja asiyesomea fani yako na ujasiri wa kumuuliza, "Umeelewa nini?"

Wanaonikera zaidi ni maprofesa wanaosema kurahisisha ni kupotosha. Upotoshaji wa yule kijana ulijulikana kwa sababu bibi aliulizwa. Angeandika insha yenye istilahi zote, angepata alama nzuri na hakuna ambaye angegundua kwamba hajaeleweka. Kuamua kipi uache bila kuvunja ukweli ni kazi ngumu kuliko kumwaga kila unachojua, na asiyeelewa somo lake hawezi kuifanya.

Na vijana wetu wangewashinda hawa, nina hakika. Wanasoma kwa Kiingereza na kuishi kwa Kiswahili. Kila siku wanavusha mawazo kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila mtu wa kuwaongoza wala kuwapa alama. Tunawaacha wahitimu wakiwa mabubu mbele ya wazazi wao, kisha tunashangaa watu wanapoamini ujumbe wa sauti uliosambazwa usiku kwenye simu.

Idara moja tu ianze muhula ujao. Sehemu ya alama za mradi wa mwaka wa mwisho itengwe, na itolewe kwa kile ambacho yule mkulima ataweza kusimulia kuhusu udongo wake.