Kutabiri El Niño: fizikia ya bahari au mashine inayojifunza?

Mapema mwaka 2014, maji yenye joto lisilo la kawaida yalikuwa yakisafiri chini ya uso wa Bahari ya Pasifiki, kando ya ikweta, kuelekea mashariki. Ilitarajiwa El Niño kubwa, yaani kupanda kwa joto la uso wa Pasifiki ya ikweta kusiko kwa kawaida. Lakini pepo za kutoka magharibi, ambazo zingeyasukuma zaidi, zilififia, na katikati ya mwaka zikavuma za kutoka mashariki. El Niño yenye nguvu ilikuja mwaka uliofuata.

Mkasa huo ni silaha mikononi mwa wanaozishuku modeli za fizikia, zile zinazokokotoa jinsi bahari na angahewa vinavyosukumana. Msingi wa msukumano huo aliueleza mtaalamu wa hali ya hewa Jacob Bjerknes mwaka 1969: pepo za mashariki hurundika maji ya joto upande wa magharibi, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki nayo huzipa pepo nguvu; pepo zikilegea, maji hurudi mashariki na kuzilegeza zaidi. Mwaka 1986 wanasayansi Mark Cane na Stephen Zebiak, wakitumia modeli ndogo ya Pasifiki ya tropiki peke yake, waliitabiri El Niño kabla haijakomaa. Hata hivyo, mvumo wa upepo wa siku chache haukokotoleki miezi sita kabla, hata kompyuta iwe kubwa kiasi gani.

Upande wa pili, wa mashine inayojifunza, una hoja nzito. Mwaka 2019, Yoo-Geun Ham na wenzake walionyesha kwamba mtandao wa neva wa kompyuta, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, unaweza kuitabiri El Niño takriban mwaka mmoja na nusu kabla, tena kwa gharama ndogo ya ukokotoaji. Ila El Niño zilizopimwa vizuri ni chache mno kuifundisha mashine, kwa hiyo mtandao huo ulifundishwa kwanza kwa matokeo ya modeli zilezile za fizikia, ndipo ukanolewa kwa kumbukumbu za bahari halisi. Mwanafunzi anayesifiwa kumpita mwalimu wake bado anasoma daftari la mwalimu, pamoja na makosa yake: modeli nyingi huyapeleka maji baridi ya ikweta magharibi kupita kiasi.

Kwa maoni yangu, ubishi huu unaliacha kando swali la vipimo, ambavyo pande zote mbili huvitegemea. Mwanzoni mwa 2014 huohuo, baada ya Marekani kuiondoa kazini meli iliyokuwa ikiyahudumia maboya yake ya Pasifiki ya ikweta, yaani vyombo vinavyoelea vya kupimia bahari, maboya hayo yalikuwa yakirudisha takriban asilimia 40 tu ya data iliyotarajiwa.