Nani aliichaji betri ya Banksy?

Picha ya mwisho kuuzwa katika mnada wa Sotheby's, London, usiku wa tarehe 5 Oktoba 2018 ilikuwa "Girl with Balloon" ya Banksy, msanii wa mitaani wa Uingereza anayejificha nyuma ya jina hilo. Bei pamoja na ada ilifika pauni 1,042,000. Nyundo ilipogongwa tu, picha ikaanza kuteremka ndani ya fremu yake ikichanwachanwa, kisha ikakwama nusu. Watu wakashangilia uasi. Mimi nauliza habari ya betri.

Banksy alisema mashine ya kuchana aliificha humo kwenye fremu miaka michache nyuma, na kwamba kwenye mazoezi ilichana vizuri kila mara. Haya. Ila kama iliwashwa kwa rimoti, kipokezi chake lazima kikae macho kikisubiri amri, na kinakula chaji. Hata betri isiyotumika hujimaliza polepole, sembuse hiyo. Ama mtu aliifungua fremu siku za karibuni akabadilisha betri, ama kulikuwa na swichi na mtu akaiwasha. Kwa vyovyote kuna mkono. Sotheby's walikana kuhusika, nami sina cha kuwabishia. Nasema tu fremu nene namna ile haijiwashi yenyewe.

Na kukwama kulilipa. Mwaka 2021 picha hiyohiyo, sasa ikiitwa "Love is in the Bin", iliuzwa pauni 18,582,000. Ingechanika yote, sidhani kama ingefika huko.

Ukitaka kujua kiki ina thamani gani, tazama New York, Oktoba 2013. Mzee mmoja alikaa kando ya Central Park na kazi halisi za Banksy, bila kutangaza ni za nani, dola 60 kila moja. Siku nzima aliuza dola 420, na mteja mmoja aliomba nusu bei akapewa!

Kuiga stensili za Banksy, yaani umbo linalokatwa kwenye kadibodi kisha kupuliziwa rangi, si kazi: kadibodi, kisu kikali na kopo la rangi. Ukipuliza karibu mno rangi inapenya chini ya kingo na kuchuruzika. Ukijirekebisha hapo, macho peke yake hayakukamati. Ndiyo maana soko linategemea Pest Control, ofisi ya Banksy inayotoa vyeti. Cheti huambatana na nusu ya noti bandia ya pauni 10 yenye sura ya Princess Diana. Nusu nyingine wanabaki nayo wao. Yaani noti feki ndiyo inayothibitisha picha halisi.

Kazi za mitaani hawazipi cheti. Kwa hiyo anayekodi fundi akate ukuta wake kwa msumeno hubaki na bonge la tofali, tundu la kuziba, na hadithi asiyoweza kuithibitisha mnadani.