Skranchi, mbwa na herufi D

Ile picha imeanza kuzunguka tena. Safu ya nyuso, chini ya kila uso jina na kitu "alichobuni", na kwenye skranchi, kile kibanio cha kitambaa chenye lastiki ndani, pameandikwa: Rommy Revson, hataza (hati ya serikali inayolinda ubunifu) namba 292,030. Wanaoisambaza ni wengi. Aliyeifungua hiyo namba sijui kama yupo.

Iandike hivyo hivyo kwenye kumbukumbu za hataza za Marekani, utaletewa hati ya mwaka 1884. Revson alipewa yake 1987. Mama wa watu kazeeshwa karne nzima kwa sababu ya herufi moja iliyoachwa njiani: D. Namba kamili ni D292,030, na hiyo D inakwambia kwamba hii ni hataza ya umbo. Inalinda mwonekano wa kitu kama kilivyochorwa. Namna kinavyofanya kazi haiihusu. Mwaka 1987 hataza za kawaida zilikuwa zimeshapita milioni 4, kwa hiyo ukiona namba ya laki mbili na ushee karibu na mwaka huo, jiulize hapo hapo herufi imekwenda wapi.

Hataza ya umbo huwa na dai moja tu (dai ni maelezo ya kinacholindwa), tena la mstari mmoja: umbo la pambo kama linavyoonekana kwenye michoro. Haiwezi kuwa cheti cha "mtu wa kwanza duniani kutia lastiki ndani ya kitambaa". Ingekuwa kichekesho pia, maana lastiki ndani ya kitambaa ndicho kiuno cha suruali ya kulalia, na kwa maelezo ya Revson mwenyewe wazo alilitoa huko huko.

Sasa, ni mbunifu au si mbunifu? Haya, ni mbunifu. Kukiona kiuno cha suruali ukakiwazia nywele si jambo la kila mtu. Jina la kitu chenyewe alilitoa kwa mbwa wake, Scunci, ambaye jina lake hadi leo linatajwa madukani kama chapa kuliko la mwenye mbwa.

Na anayesema "ni kitambaa na mpira tu" akae kwenye cherehani. Kata kitambaa sentimita 10 kwa 55, na lastiki ya upana wa milimita 6, urefu sentimita 20. Kunja kitambaa kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani, shona, kigeuze, kisha pitisha lastiki kwa pini. Ncha zake zipandane sentimita moja na nusu, uzishone zigizaga mara mbili. Usifunge fundo. Fundo hulegea, na kabla halijalegea hutokeza kama kokoto kwenye kisogo. Ukibana matumizi ukakata kitambaa cha sentimita 30, mikunjo inakwisha kabla lastiki haijavutika vya kutosha, na kinachoachia ni mshono. Mikunjo ndiyo yenye kazi: inatawanya mbano, na nywele zinaegemea kitambaa badala ya mpira mtupu unaozing'ang'ania na kuzikata. Hataza ya umbo haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa kibanio cha makucha jina utakalokutana nalo ni Christian Potut, Mfaransa, 1986. Kanuni ni ile ile: fungua hati, soma madai.

Kinachoniudhi zaidi kwenye picha ile ni Lyda Newman, eti "alibuni brashi ya nywele", na wengine wanaongeza "yenye manyoya ya plastiki". Hataza yake ni namba 614,335, Novemba 1898, New York. Nailoni, plastiki ya manyoya ya namna hiyo, ilitangazwa 1938. Kampuni ya Kent ya Uingereza imeanza kutengeneza brashi 1777. Wanaomtetea watasema ninamnyang'anya mwanamke mweusi haki yake. Wanaomnyang'anya ni wao! Soma madai yake: brashi inayotoka kwenye kishikio chake, nafasi za kupitisha uchafu kati ya safu za manyoya, chumba ndani cha kuupokea, na hewa kupita. Yaani alifikiria brashi ikishachafuka inasafishwaje, na mpaka leo zipo brashi zinazouzwa bila aliyefikiria hilo. Umempa sifa ya kitu kilichokuwapo kabla hajazaliwa, halafu alichokitoa kichwani mwake hukitaji.

Kutafuta kwenyewe hakuchoshi. Hataza hupangwa kwa makundi yenye alama, na vifaa vya kushikia nywele viko kwenye kundi la A45D 8. Anzia hapo, sio kwenye jina la mtu. Kwenye mtambo wa zamani wa ofisi ya hataza ya Marekani, uliofungwa 2022, utafutaji kwa maneno ulishika hati za kuanzia 1976 tu. Za nyuma zaidi zilitafutwa kwa namba, tarehe au kundi. Ukishapata moja, angalia orodha ya hataza za awali zilizotajwa ndani yake, ufuate moja moja kurudi nyuma. Orodha hizo zilianza kuchapwa 1947, kwa hiyo kwa hati ya Newman usipoteze muda kuitafuta. Na tarehe zipo mbili, ya kuomba na ya kupewa. Wanaobishana mwaka mara nyingi kila mmoja ameshika yake.