Kuugulia Nyumbani Si Kuwa na Nafasi

Katika familia nyingi za huku kwetu Mwanza, uamuzi wa nani atamtunza mzazi aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau haufanywi kwa kikao. Mwenye kazi Dar es Salaam anarudi kazini, mwenye duka Geita anasema duka halina mtu, na yule aliyeacha shughuli zake kwa sababu ya maradhi anajikuta amebaki na mzazi kwa kuwa, kama ndugu wanavyosema bila ubaya wowote, "yeye si yupo nyumbani tu." Mimi ni mmoja wa hao. Ninaugua kisukari kinachotaka sindano za insulini kila siku, niliacha biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, baada ya kidonda cha mguu kugoma kupona, na sasa ninaishi Igoma na mama yangu, ambaye madaktari walitueleza kwamba ana dimenshia. Hoja ya ndugu zangu naiona imesimama kichwa chini miguu juu, kwa sababu kilichoniweka nyumbani ni ugonjwa, na ugonjwa nao ni kazi yenye saa zake.

Asiyetumia insulini huenda asizielewe saa hizo. Sindano ya kabla ya mlo ikishaingia, chakula hakina budi kufuata, kwa kuwa dawa itashusha sukari iwe umekula au hujala. Mama naye ana saa zake, na saa zake mbaya ni za jioni, jua linapozama, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi wa aina yake. Mara nyingi nimekwisha kujichoma na ugali uko mezani ndipo anaposimama na kutaka kwenda bandarini awahi meli ya Nansio, maana akilini mwake bado ni msichana wa Ukerewe na kwao wanamngoja. Kumbishia hakusaidii kitu. Ukimwambia kwamba wazazi wake walikwisha kufariki, anaulilia msiba kana kwamba umetokea leo, na baada ya muda mfupi anauliza tena. Kwa hiyo unamshika mkono, mnatembea mpaka getini mkizungumzia meli, mnarudi polepole, na muda wote huo sukari inashuka. Jasho linanitoka, mikono inatetemeka, na nisipowahi kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, kinachofuata ni kuchanganyikiwa. Hapo nyumba inakuwa na watu wawili wasiojua wanachokifanya, na mmoja wao ndiye aliyetegemewa kupiga simu.

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Tunapozungumzia mzigo wa anayeuguza, tunazungumzia uchovu na huzuni, na ni kweli vipo, lakini kwa mwenye maradhi yake mwenyewe kuna hatari ya waziwazi kabisa: akianguka, aliye karibu naye hawezi kumwokoa, na huenda hata asitambue kwamba kuna mtu wa kuokolewa. Kuna pia suala la dawa. Vidonge vya kushusha sukari vikimezwa na mzee asiye na kisukari vinaweza kumuua, na mama huokota na kuhifadhi kila anachokikuta. Kipimo changu cha sukari niliwahi kukikuta ndani ya ndoo ya unga. Siku hizi dawa zangu zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo ninauvaa shingoni.

Usiku una habari yake. Mama huamka akataka kutoka nje. Kwingineko huenda hilo likawa kero tu, lakini huku Usukumani, ambako vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kudhaniwa kuwa wachawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, mwanamke mzee anayekutwa kwenye ua wa jirani saa nane za usiku akizungumza na watu wasioonekana yumo hatarini. Wapo wanaoniambia kwamba mjini mambo hayo yamekwisha. Siwezi kumweka mama yangu rehani kwa kauli hiyo, kwa hiyo ninalala kwa vipande, na usingizi wa vipande unapandisha sukari ya asubuhi, kisha kliniki ninaulizwa jana nilikula nini. (Naona swali lenye maana zaidi lingekuwa ninaishi na nani.)

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia hutolewa na wanawake. Hilo la wanawake halihitaji takwimu kwa yeyote aliyekulia kwenye ukoo wenye mabinti.

Ndugu zangu si watu wabaya, na pesa wanatuma. Lakini pesa ya simu haikai na mama ninapokwenda kliniki, ambako foleni huanza alfajiri na mguu wangu lazima ukaguliwe. Nilipokosa kliniki hawakuona kilichopungua, kwa sababu mama alikuwa ameoga na amekula, na kwa macho yao hicho ndicho kipimo cha kwamba mambo yanakwenda. Ndiyo maana niliacha kuomba nyongeza ya fedha nikaanza kuomba siku. Kaka yangu wa Geita alikuwa akitaja kivuko, na zamani nilimwelewa, lakini tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena foleni ya kivuko ya kusingizia. Sasa anakuja siku zangu za kliniki. Mara ya kwanza alinipigia simu kabla sijafika kwenye dirisha la dawa, akiuliza ufunguo wa geti huwa ninauficha wapi, kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

Suala la usiku bado tunalijadili. Dada yangu anapendekeza tuajiri msichana wa kazi, nami sipingi, ila nimetaka mshahara wake utoke kwao, na kabla hajaanza afundishwe mambo mawili: namna ya kumtuliza mama anapodai meli, na mahali sukari yangu inapokaa.